Usiahidi kitu kabla hujarudi Tanga

Chumbageni, Tanga
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kwa mama yako na kwa mdogo wako. Sisi hatujambo, na presha ya mama yako imetulia tangu alipobadilishiwa dawa. Nimeamua kukuandikia barua badala ya kukupigia simu kwa sababu najua tukilizungumza jambo hili kwenye simu mimi nitapandisha sauti, nawe utanyamaza kama unavyonyamaza siku zote, kisha tutaagana kwa kuulizana hali ya hewa.

Habari ya kwamba ukimaliza mtihani wako mwezi wa sita utakwenda kukaa wiki sita na jumuiya ya Darvell huko Uingereza, ya wale Wakristo wa Bruderhof wanaoishi kwa mali ya pamoja, nimeipata kwa mama yako. Ulimwandikia yeye Jumanne, nami nikaambiwa Alhamisi usiku, nilipokwisha kunawa mikono. Sitaki kuligeuza hilo kuwa kesi, lakini nimeliona.

Naanza na lile ninalokuomba, ili hata kama hutaisoma barua yote liwe limekufikia. Nenda, lakini usiahidi kitu. Usiweke nadhiri, usitie saini karatasi yoyote, wala usimwambie mtu yeyote huko kwamba utabaki, hata kwa adabu tu, hata kama amekuuliza kwa upole mkiwa mnaosha vyombo na wewe ukaona haya kumkatalia. Nakujua. Wewe hukubali jambo ili mwenzako asiumie, na moyo huo umekupatia watu wengi wanaokupenda, lakini ni moyo huo huo uliokuweka katika mambo ya Korogwe kwa miaka miwili sisi tukiwa hatujui lolote. Hayo sitayarudia.

Usidhani kwamba nakuandikia nikiwa sijui ninachokisema. Mdogo wako alinitafutia, nami nimesoma usiku tatu mfululizo nikiandika katika daftari, kama nilivyokuwa nikiandaa masomo. Najua kwamba hao wanaoitwa Bruderhof walianza mwaka 1920 katika kijiji cha Sannerz, Ujerumani, pale Eberhard Arnold na mkewe Emmy walipoiacha nyumba yao ya Berlin pamoja na watoto wao watano, wakafuatana na Else, dada yake Emmy, wakaenda kuishi na wenzao kwa mfuko mmoja. Najua kwamba walichokishika ni ile habari ya Matendo ya Mitume, sura ya pili, ya waamini waliokuwa na vitu vyote shirika. Najua kwamba serikali ya Hitler iliivunja jumuiya yao na kuwafukuza mwaka 1937, kwamba walikimbilia Uingereza, na vita vilipozidi, Wajerumani wakawa wanatazamwa kama maadui, wengi wao wakavuka bahari hadi Paraguay, na kwamba walifungua makazi yao ya kwanza Marekani mwaka 1954. Hiyo Darvell unayokwenda wameishika tangu mwaka 1971, na kabla yao ilikuwa mahali pa kutibia wagonjwa wa kifua kikuu.

Katika yote niliyosoma, moja lilinifanya niweke kalamu chini. Hitler alipokwisha kushika madaraka, wakaguzi waliifunga shule ya jumuiya, na ikaonekana kwamba watoto watapelekewa mwalimu wa chama chake. Wazazi hawakungoja. Waliwatoa watoto nje ya nchi, na mwaka 1934 wakapata mahali Liechtenstein, juu mlimani, pa kuwalea na kuwafundisha wenyewe. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na sikuwahi kufikiri kwamba mzazi anaweza kuniogopa mimi mwalimu kiasi hicho, wala kwamba anaweza kuwa na haki ya kuniogopa. Watu waliofanya jambo kama hilo siwezi kuwaita wapumbavu au matapeli, na shangazi yako alipowaita hivyo juzi hapa barazani nilimkanya.

Kwa hiyo hofu yangu haitoki kwenye kuwadharau, mwanangu. Nawaogopa kwa sababu naona ni watu wazuri. Jumuiya ya watu wabaya ungeondoka wiki ya kwanza, na nisingeandika barua.

Jirani yetu Alhaji, ambaye nilimweleza habari hii tukiwa tunasubiri maji, aliniuliza swali ambalo sijaweza kulijibu vizuri. Nilimwambia kwamba mgeni hatozwi kitu, analala na kula bure, ila anashiriki kazi kama wenyeji, jikoni, bustanini au katika karakana wanapotengeneza samani na vitu vya kuchezea vya mbao kwa ajili ya shule za watoto. Na kwamba wenyeji nao hawalipwi mshahara, wala hakuna mwenye akaunti yake benki, bali kila mmoja hupewa mahitaji yake. Alhaji akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa kama hawachukui ada na hawalipi mshahara, wanataka nini kwa mtoto wako?" Ndoo yake ikajaa, akaenda. Nami nimebaki na swali hilo. Nadhani hawataki chochote kwa mgeni. Lakini kwa mwanachama wanataka kila kitu, na hawalifichi hilo: nadhiri yao ni ya maisha yote. Ndiyo maana narudia, usiahidi.

Utaniambia kwamba hata Mwalimu Nyerere alitufundisha hayo hayo, na kwamba neno lenyewe ujamaa tafsiri yake ni kuishi kama jamaa wa nyumba moja. Ni kweli. Sisi wa hapa hatuhitaji Mjerumani wa kutufafanulia wazo hilo, na ndiyo sababu naweza kukueleza jambo ambalo wenyeji wako wa Darvell huenda wasikueleze.

Hujawahi kuniuliza kwa nini ile cherehani ya babu yako iliyo katika chumba chako cha zamani ina namba nyeupe ubavuni. Ulidhani ni namba ya kiwandani. Ile ni namba ya rejista ya kijiji. Babu yako aliinunua kwa fedha ya vipande vya mkonge, miaka ya kukata majani akiwa kijana, akaipeleka Handeni kichwani kuanzia pale gari lilipoishia. Mwaka 1969, nikiwa na miaka mitano, yeye na wenzake wachache walikubaliana kulima na kula pamoja, wala hakuna aliyewalazimisha. Kila mtu alileta alichonacho. Yupo aliyeleta mbuzi, yupo aliyeleta majembe mapya manne, na babu yako akaleta cherehani. Namkumbuka karani akiichovya brashi katika kopo la rangi na kuandika 17 pole pole, akirudia rudia mguu wa ile saba, na babu yako amesimama pembeni ameshika kitambaa cha kufutia mafuta kama mtu anayesubiri kurudishiwa kitu chake. Hakurudishiwa. Aliwekewa ghalani, naye akawa anaomba ufunguo kwa mwenyekiti kila alipotaka kushona.

Ninachotaka ukifahamu ni kwamba miaka ile ya mwanzo ilikuwa mizuri, na babu yako hakuacha kuisifu mpaka anakufa. Watu walikula pamoja, mgonjwa alilimiwa sehemu yake, na mjane hakuulizwa ameleta nini. Mwezi Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwaka uliofuata malori yakaanza kushusha watu ambao mazao yao waliyaacha shambani na nyumba zao walizitazama zikibomolewa. Nao waliambiwa kwamba vitu ni vya wote. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza babu yako ni nini kilichoharibika, akanijibu, "Sisi tulikwenda kwa miguu yetu, wenzetu wakaletwa kwa lori." Cherehani tulirudishiwa mwaka 1979, mkanda haupo, meza imepasuka, na hakuna aliyejua nani aliitumia mara ya mwisho.

Wewe utakwenda Darvell kwa miguu yako, hilo nalijua. Lakini mtu anaweza kwenda kwa miguu yake na akabaki kwa haya, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kwa hiyo ukiwa huko, pamoja na mambo utakayoonyeshwa, uliza anayeondoka huondoka na nini. Uliza wazi, usione aibu, kwa sababu nimesoma kwamba walipoyafunga makazi yao ya Paraguay mwaka 1961 familia nyingi zilijikuta nje ya jumuiya, watu waliokuwa wametoa ujana wao wote mle ndani, wakaanza upya ugenini bila shilingi. Muulize mama mwenye watoto, asiwe kiongozi, na muulize mkiwa wawili. Angalia anatazama wapi kabla ya kujibu. Na ukimkuta mzee aliyezaliwa humo ambaye ndugu yake alitoka, muulize kama huandikiana barua. Majibu yakiwa mazuri nitafurahi kuliko unavyodhani.

Na ujue kwamba hata hapa kwetu jambo la namna hii halikufanywa kwa haraka. Masista wa Mateso Matakatifu, ambao Askofu wa Kianglikana Frank Weston aliwaanzishia chama chao mwaka 1911 na ambao mama yako aliwajua pale Magila, hawakuwa wakimpokea msichana leo na kumvisha pete kesho. Mtu alikaa, akajaribiwa miaka, akarudi kwao kuaga, akaulizwa tena. Nimeona kwamba hao wa Bruderhof nao wana kipindi cha unovisi, yaani cha kujaribiwa, kabla ya nadhiri, na jambo hilo limenipa moyo kidogo. Basi hata wakikuambia kwamba unovisi si nadhiri, wewe waambie kwamba kwenu mtu huanzia kwa wazazi wake. Ni adabu, hawatakasirika. Wakikasirika, utakuwa umejua.

Lipo jambo lao moja ambalo nimelipenda, nami nimelinakili katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Mwaka 1925 waliandika kanuni waliyoiita sheria ya kwanza ya Sannerz, kwamba hakuna kumsema ndugu pasipo yeye kuwapo, na mwenye neno na mwenzake amwendee mwenyewe amweleze kwa upendo. Nililisoma kwa sauti, mama yako akiwa anachagua mchele. Hakusema kitu, lakini aliacha kuchagua. Katika nyumba hii tumezoea kupitishia maneno kwa mama yako: wewe unamwambia yeye, yeye ananiambia mimi, mimi namjibu yeye, naye anatafuta namna ya kulilainisha jibu kabla halijakufikia. Nilifikiri kwamba huo ndio utaratibu wa nyumba yenye heshima. Sasa naona kwamba amebeba mizigo yetu sote wawili, na presha yake daktari aliniambia ina sababu nyingi.

Katika ujumbe wako kwa mama yako kuna sentensi moja ambayo nilimwomba anisomee mara ya pili. Umeandika kwamba kinachokuvuta si mahubiri yao, ni kwamba wanakula pamoja, wazee na watoto, na kuimba kabla ya kula. Sijui kama uliiandika ili nami niisikie. Mimi nililelewa hivi, kwamba chakula cha baba kinapelekwa sebuleni kimefunikwa kwa kawa, na mama na watoto wanakula mkekani, na baba akimaliza ndipo vyombo vinaondolewa. Isitoshe, miaka ile ya ada zenu nilikuwa nikirudi kutoka kufundisha masomo ya jioni saa tatu usiku, nimewaeleza watoto wa watu hesabu za mlinganyo mpaka koo limekauka, na wewe umelala na daftari lako la hesabu kifuani. Niliziona zile alama. Nilikugombeza kwa ajili yake, na mwaka uliofuata ukapanda, nami nikajua kwamba nilifanya vyema kukugombeza. Leo unamalizia shahada ya pili ya afya ya jamii huko London, na hapa mtaani hakuna asiyejua, kwa sababu nimewaambia wote.

Tangu Ijumaa nakula jikoni pamoja nao. Mdogo wako ameacha kuzungumza wakati wa kula kwa sababu yangu, anatazama sahani tu, lakini naamini atazoea. Jana aliniuliza kama naweza kumsogezea chumvi.

Sasa mambo ya nyumbani. Masika ya mwaka huu yamekuwa makubwa, bati la upande wa baraza limeoza kabisa na nimeweka karai chini yake. Fundi ametaka nimletee bati tano, nami nimemwambia asubiri. Machungwa ya shamba la Mkuzi yamebeba vizuri. Wanunuzi wamekuja wakitaka kuyanunua yakiwa bado mtini, kwa bei ambayo mama yako anasema ni ya kutuibia, nami sijawajibu kwa sababu mwaka jana niliharakisha, nikajuta. Kodi ya nyumba nimelipa. Mdogo wako anafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka huu, na fizikia inamsumbua. Anasema wewe ulimwahidi kwamba ukirudi mtakaa naye mwezi mzima kuirudia. Hiyo ni ahadi uliyokwisha kuitoa, nami naitaja ili usije ukasema kwamba nakuzuia kuahidi kwa watu wote.

Kumbuka pia kwamba ruhusa ya masomo uliyopewa kazini inakwisha mwezi wa tisa. Ofisa utumishi amenipigia mwenyewe kuuliza utaripoti lini. Sikumwambia habari za Darvell. Nilimwambia kwamba utaripoti kwa tarehe, na kwa kufanya hivyo nimekuahidia jambo bila kukuuliza. Kama nimekosea, niambie mimi, usimpitishie mama yako.

Mama yako anataka ujue kwamba amefurahi aliposikia wanawake wa huko kwa desturi huvaa sketi ndefu, na anakukumbusha uchukue zile kanga mbili alizokupa, moja ya kuvaa na moja ya kumpa mama wa nyumba utakayofikia, kwa sababu haifai mtu kuingia nyumba ya watu mikono mitupu hata kama wao hawamiliki kitu. Mimi nilimuuliza kanga hiyo itakuwa ya nani kama vitu vyote ni vya wote, akasema hilo wataliamua wao, sisi kazi yetu ni kutoa. Nimeona amesema sawa.

Usiku ukifika nawaombea na hao watu pia, kwamba wakutunze. Nami nakuomba tena, kwa mara ya mwisho katika barua hii, ukae nao, ufanye kazi zao, uimbe nao, ule nao, upime kila kitu kwa macho yako, na wakikuomba neno la kudumu uwaambie kwamba kwanza unarudi Tanga kuzungumza na baba yako. Ukisha kuja na tukazungumza uso kwa uso, na bado ukataka kwenda, sitakufungia mlango. Jambo hilo nimelifikiri kwa siku nne kabla ya kuliandika.

Niandikie tarehe ya ndege mapema ili nipange. Ukifika Dar usipande basi la usiku. Panda la asubuhi, nami nitakuwa stendi ya Kange kuanzia saa sita. Na kama huko Uingereza kuna duka linalouza mikanda ya ngozi ya cherehani za miguu, ile ya mviringo yenye kishikizo cha waya, ninunulie mmoja. Urefu nimeupima kwa kamba, na kamba yenyewe nimeiweka ndani ya bahasha hii.

Ni mimi baba yako.